Filamu za zamani za Tanzania ziuzwe kama kahawa bora

Biashara ya filamu za diski imeshuka mno. Mwaka 2023 kampuni ya Netflix ya Marekani ilifunga huduma yake ya kukodisha DVD kwa njia ya posta, na hapa nchini vijana wengi hujaziwa filamu kwenye flashi au huzitazama kwenye simu. Kwa hali hiyo, mfanyabiashara wa Kilema au Himo akishauriwa kuweka mtaji katika filamu za zamani za Kitanzania zisizojulikana sana, huenda akaona anapotezewa muda. Hata hivyo, soko lipo. Si soko la wingi, bali la ubora.

Wakulima wa Kilimanjaro wanaielewa tofauti hiyo. Tangu misheni ya Kilema ilipopanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19, wamejifunza kuwa kahawa iliyochumwa mbivu, ikamenywa, ikaoshwa na kukaushwa vizuri, humpata mnunuzi wa bei nzuri. Iliyochanganywa mbivu na mbichi huishia kwenye bei ya chini, hata ikiwa nyingi.

Katika filamu nako wapo wanunuzi wa aina hiyo: wakusanyaji, vyuo vikuu na maktaba. Filamu ya Senegal iitwayo Touki Bouki, ya mwaka 1973, ilikarabatiwa mwaka 2008 chini ya mpango ulioanzishwa na mwongozaji Martin Scorsese. Mwaka 2013 kampuni ya Criterion ya Marekani ikaitoa kwa Blu-ray. Hata Hatari!, filamu ya Marekani ya mwaka 1962 iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, imetolewa kwa Blu-ray. Mandhari ni yetu, lakini mapato ni ya wengine.

Je, Tanzania ina nini cha kuuza? Ipo Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inayohusu tiba ya jadi na hospitali. Ipo Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar, mwaka 2001. Ipo Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970, kuhusu vijiji vya ujamaa, iliyotengenezwa na Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1968. Nyuma zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rashidi Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu kabla ya kuwa Waziri Mkuu.

Jambo la kwanza ni mali ghafi. DVD ya kawaida ina mistari 576 ya picha, Blu-ray ina 1,080. Mkanda halisi wa sinema wa milimita 35 una picha ya kutosha kujaza Blu-ray na kubakiza, lakini kanda ya VHS haina. Kuihamishia VHS kwenye Blu-ray ni sawa na kuiosha kahawa iliyokwisha kuoza, kwani maji hayarudishi ladha. Tena mikanda hiyo huharibika. Ikiwekwa penye joto na unyevu huanza kunuka siki, hukunjamana na hatimaye haiwezi kunakiliwa. Kwa hiyo kila msimu wa mvua unaopita, mtaji unapungua.

Jambo la pili ni hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kukarabati filamu moja na kulipia haki zake kunagharimu Sh30 milioni. Zikiuzwa nakala 300, kila nakala inabeba Sh100,000. Zikiuzwa 3,000, inabeba Sh10,000, kabla ya gharama ya diski na usafirishaji. Kilema peke yake haiwezi kununua nakala 3,000. Njia ya busara ni kupokea oda kwanza, kuchapa Blu-ray chache kwa wanunuzi wa nje wanaolipa vizuri, kisha kuuza haki ya kurusha kwa vituo vya televisheni na kutoza ada ndogo kwa watazamaji wa simu. Mwezi Desemba, Wachagga wa Dar es Salaam na wa ng'ambo wanaporudi nyumbani, maduka ya Moshi yanaweza kuuza nakala kama zawadi.

Jambo la tatu ni haki miliki. Kwa miaka mingi wachuuzi walinakili filamu za watu bila kulipa, na watengenezaji wengi wakauza kazi zao moja kwa moja bila mkataba unaoeleweka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwekezaji aende COSOTA kuuliza mwenye haki ni nani, kisha aandikiane naye.

Mzigo huu si wa duka moja. Mwaka 1933 wakulima wa Kilimanjaro waliunda KNCU kwa sababu mwenye vihamba viwili hakuweza kumfikia mnunuzi wa Ulaya peke yake. Wafanyabiashara wa filamu nao wanaweza kuchangiana mtaji, kuanza na filamu moja yenye mkanda mzima na mwenye haki anayejulikana, na kugawana faida. Serikali kwa upande wake ikague mikanda iliyo kwenye maghala yake na itangaze orodha. Soko linaweza kusubiri kidogo, lakini mkanda unaonuka siki hausubiri.