Mutai yupi? Majina ya Kericho na hesabu zetu za siasa

Agosti mwaka 2025, Seneti ilipokuwa ikisikiliza kesi ya kumng'oa Gavana wa Kericho, Erick Mutai, mzee mmoja hapa kwetu Mombasa aliuliza: "Huyu si ndiye yule aliyekimbia Boston akavunja rekodi?" Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Mmoja alidhani ni yeye, mwengine akasema labda ni nduguye. Wa tatu, ambaye hujiona mjuzi wa mambo ya bara, akakata shauri kwamba "hao wote ni ukoo mmoja, wamegawana, huyu mbio huyu siasa."

Basi tuanze hapo, ndugu msomaji, kwa sababu kosa hilo la barazani ndilo tunalolifanya nchi nzima kila orodha ya uteuzi wa serikali inapotoka.

Mutai si ukoo. Kwa Wakipsigis na jamaa zao Wakalenjin, mtoto hupewa jina la wakati au hali aliyozaliwa nayo. Aliyezaliwa asubuhi ni Kimutai, na akiwa mwanamke ni Chemutai. Wa alfajiri ni Kipkoech, wa mchana ni Kibet, wa jioni ni Kiplangat. Mvua ikinyesha ni Kiprop. Mbuzi wakiwa wanarudi zizini ni Kiprono, na mama akijifungua akiwa safarini mtoto ni Kipruto. Kisha kijana akishatoka jandoni huchukua jina la babake na kutanguliza neno "arap", yaani mwana wa. Mwana wa Kimutai akawa arap Mutai. Sisi watu wa pwani hili halitushindi kulielewa, maana arap ni bin yetu.

Lililoharibu mambo ni karatasi. Karani wa serikali alipofika na daftari lake alitaka jina la familia, kama lile la Mzungu linalotoka kwa babu hadi kwa kitukuu bila kubadilika. "Arap" ikaanguka njiani, "Mutai" ikabaki, na jina lililokuwa likisema tu kwamba babake fulani alizaliwa asubuhi likageuka kuwa kama muhuri wa ukoo. Fikiria mwenyewe ni watoto wangapi huzaliwa asubuhi katika nchi yote ya Kericho, Bomet, Nandi, Baringo, Elgeyo, mpaka milima ya Elgon upande wa Uganda.

Mwaka 2011 dunia ya riadha ilipata taabu hiyo. Aprili, Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, muda ambao haukuwahi kukimbiwa na mtu katika marathoni. Haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston huanzia sehemu moja na kuishia nyengine mbali, tena huteremka. Siku moja kabla yake, Emmanuel Mutai alikuwa ameshinda London. Novemba wakakutana New York: Geoffrey wa kwanza, Emmanuel wa pili. Si ndugu, na wala hakuna kati yao aliyezaliwa Kericho. Mwaka uliofuata, timu ya Kenya ya Olimpiki ya London ilipopangwa, Geoffrey mwenye mbio zake za Boston akaachwa nyumbani na Emmanuel akaenda. Katika michezo hiyo hiyo, Abel Mutai, ambaye ni mwengine kabisa, akapata shaba katika mbio za kuruka viunzi na maji. Mwaka 2015 Solomon Mutai akapata shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia Beijing, lakini bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Uganda. Na Peruth Chemutai, aliyeipa Uganda dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo, ni jina lile lile la asubuhi kwa upande wa wanawake.

Lakini kisa nikipendacho mimi ni cha Cheruiyot, jina la aliyezaliwa watu wamelala. Robert Cheruiyot alishinda Boston mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008, na mwaka 2006 akaweka rekodi ya njia hiyo. Rekodi ikavunjwa mwaka 2010 na Robert Cheruiyot. Hujasoma vibaya. Wa kwanza ni Robert Kipkoech, wa Nandi. Wa pili ni Robert Kiprono, wa Bomet, mdogo wake kwa karibu miaka kumi na asiye jamaa yake. Aliyezaliwa alfajiri alivuliwa taji na aliyezaliwa mbuzi wakirudi, na mwaka uliofuata yule wa asubuhi, Geoffrey Mutai, akawapita wote wawili. Ukiliondoa jina la kati katika vitabu vya Boston, watu wawili wanakuwa mtu mmoja, na mmoja wao ananyang'anywa jasho lake. Ongeza hapo Vivian Cheruiyot, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 2016, na Timothy Cheruiyot, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2019. Kisha Aaron Cheruiyot, seneta wa Kericho na kiongozi wa walio wengi katika Seneti, ambaye sijasikia kwamba amewahi kukimbia popote isipokuwa katika kampeni.

Haya nilikuwa nayajua kwa kusoma. Nilipoyaona kwa macho ni Fort Ternan, nilikokwenda kwa harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzangu wa zamani.

Fort Ternan ni kituo kidogo cha reli katika Kaunti ya Kericho, kwenye njia ya Nakuru kwenda Kisumu. Ndiyo reli ile ile iliyoanzia kwetu Mombasa na kufika ziwani mwaka 1901. Majani chai yako juu huko, kwenye baridi. Ukiteremka Fort Ternan unaingia nchi ya kahawa, na ukiendelea kidogo upande wa Koru na Muhoroni unakuta miwa. Ni mpaka wa watu pia, Wakipsigis, Wanandi na Wajaluo, pamoja na waliokuja na mashamba ya walowezi. Sisi tukisikia "Fort" twajua moja tu, ile ya Mreno pale Mji wa Kale. Hii ya kwao ilipewa jina la Ternan, afisa wa jeshi la Waingereza aliyekuwa Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Karibu na hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louis Leakey alichimbua mabaki ya nyani wa kale wa miaka milioni 14 hivi na kumwita Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya Wicker, mwenye shamba. Kwa hiyo mzungu mmoja ameachiwa mji na mwengine ameachiwa nyani, na hakuna anayewachanganya. Wenyeji ndio huchanganywa.

Kule harusini, mshereheshaji alipokuwa akisoma michango, kila alipofika "Mutai" au "Koech" alisimama na umati ukamwuliza yupi. Hakuendelea mpaka ajibiwe: Mutai wa kinu, Mutai mwalimu, Mutai wa upande wa pili wa reli. Hakuna aliyeona ni ajabu. Kwao jina ni mwanzo wa swali, na jibu linatafutwa kwa baba, kwa kazi, kwa kilima anachokaa mtu. Huku kwetu na Nairobi jina ndilo jibu lenyewe.

Nilikaa na kijana mmoja pale ambaye jina lake la mwisho ni Ruto. Aliniambia kwamba Juni 2024, maandamano ya vijana yalipopamba moto, yeye alikuwa kibarua Nairobi, na kwa wiki kadhaa alijitambulisha kwa jina la ubatizo tu. Hakuwa na undugu wowote na Rais. Jina lake lasema tu kwamba kuna mama aliyejifungulia njiani. (Ila kusema kweli, walioteseka zaidi mwaka ule nadhani ni watu walioitwa Zakayo.)

Na kama kuna jina ambalo Wakenya wangepaswa kulijua kwamba halibebi undugu wa kisiasa, ni hilo la Ruto. Mwaka 2013 William Ruto na Isaac Ruto walikuwa chama kimoja, URP. Wa kwanza akawa Naibu wa Rais, wa pili akawa gavana wa kwanza wa Bomet na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana. Haukupita mwaka wakakosana juu ya fedha za kaunti, Isaac akitaka kura ya maoni ili mashinani kuongezewe fungu na William akiwa upande wa serikali. Isaac akaanzisha chama chake, Chama Cha Mashinani, na mwaka 2017 akakaa meza moja na Raila Odinga katika NASA. Akashindwa Bomet na Joyce Laboso. Mwaka 2022 akarudi upande wa William, akagombea tena ugavana na akashindwa tena, safari hii na mgombea wa UDA. Mtu aliyekuwa Kisumu au Kilifi mwaka 2017, aliyeamua kuchukia au kupenda "Ruto" kwa jina, hakujua anamchukia nani.

Watu wa Kericho na Bomet wana lalamiko la muda mrefu kuhusu jambo hili, na nadhani wana haki. Orodha ya wateule ikitoka na Koech watatu, Rotich wawili na Mutai mmoja, nchi nzima inapiga kelele kwamba "Wakalenjin wamejaa". Huenda katika hao sita hakuna hata mmoja wa Kericho. Lawama inawafikia, sahani haiwafikii. Sisemi kwamba uteuzi wa serikali hii ni wa haki. Ukabila katika kazi za serikali upo, na sheria yenyewe inakataza idara ya umma kuchukua zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ninachosema ni kwamba anayehesabu majina kwenye simu yake hajafanya ukaguzi wowote. Ukaguzi ni kuuliza huyu ni nani, ametoka wapi, alisomea nini, nani alishindania naye nafasi hiyo.

Sasa turudi kwa gavana. Oktoba 2024, wawakilishi wadi 31 kati ya 47 walipiga kura aondoke. Thuluthi mbili ya 47 inapita 31, kwa hiyo walihitajika 32, na Seneti ikaitupa kesi. Mwaka 2025 wakarudi na kura 33 zilizopigwa kwa mtambo. Baadhi ya wenye majina yaliyohesabiwa wakajitokeza kusema hawakupiga kura hiyo, na Seneti ikaitupa tena. Gavana alizikana tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Kama ni kweli au si kweli, watu wa Fort Ternan hawajapata kuambiwa, maana mara zote mbili mjadala ulikufa juu ya hesabu ya majina kabla ya kufika kwenye hesabu ya pesa.

Pwani tusijione tuko mbali na haya. Ali Hassan ni Rais wa pili wa Tanzania, Mwinyi, na Ali Hassan ni gavana wa kwanza wa Mombasa, Joho. Mbunge wa Nyali ni Mohammed Ali, ametoka Isiolo, na anashiriki jina na bondia wa Marekani. Haya yanachekesha mpaka ufike kwenye dirisha la afisi. Mimi mwenyewe katika afisi moja niliwahi kusubirishwa siku mbili kwa sababu kulikuwa na mwengine mwenye majina matatu kama yangu, lake, la babake na la babuye, na mtambo ulikuwa unamtafuta yeye. Vijana wetu wangapi wameambiwa walete cheti cha nyanya yao ili wapate kitambulisho, kwa sababu tu jina ni Abdalla? Februari 2025 Rais Ruto alitia saini tamko la kuondoa kule kupigwa msasa kwa wakaazi wa kaunti za mpakani. Ni jambo jema, na wazee walilipigania miaka mingi, lakini litapimwa pale dirishani.

Tena tunajua jina linaweza kufikia wapi. Oktoba 1991 mapigano yalianza shamba la Meteitei, Tinderet, jirani na Fort Ternan, yakaenea mpaka Koru na Muhoroni. Mtu aliulizwa jina, na herufi ya kwanza ilitosha. Agosti 1997 ikawa zamu ya Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa, kisha watu wa bara wakasakwa nyumba kwa nyumba, na huko pia jina lilitosha. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza habari za sehemu zote mbili na kuziweka katika ripoti moja. Waliokuwa Likoni siku zile wanakumbuka majirani waliojificha, na wanakumbuka pia nani aliwaficha.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Orodha zimeshaanza kuzunguka katika makundi ya simu, majina yamepangwa kwa rangi, kila rangi na kabila lake. Iliyonifikia wiki hii ina Mutai wanne. Nimemwuliza aliyeituma, mtu ninayemheshimu, kama anamjua hata mmoja wao. Hajanijibu bado.