Mashine Isiachiwe Kubandika Majina Peke Yake

Kazi ya kupanga vitu na kuvipa majina zamani ilikuwa ya karani na mkutubi. Siku hizi imekabidhiwa kompyuta. Mashine hubandika lebo juu ya picha, vitabu na hesabu, kisha huzigeuza au kuzifuta bila mtu kugusa. Wengi huisifu, nao wana haki, maana haichoki wala haisinzii. Lakini yapo madhara ambayo hakuna aliyeyakusudia, na hayo yafaa tuyatazame.

Tuanze na wataalamu wa jeni, yaani viini vya urithi. Kila jeni ina jina fupi; moja iliitwa SEPT2, nyingine MARCH1. Majina hayo yalipoandikwa katika programu ya Excel, programu ilidhani ni tarehe, ikayageuza kuwa 2 Septemba na 1 Machi. Kosa hili lilielezwa tangu 2004. Hata hivyo, watafiti wa Australia walipochunguza makala za sayansi zenye orodha za jeni za Excel, mwaka 2016, walilikuta katika karibu makala moja kwa kila tano. Mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba jeni zenyewe zimebadilishwa majina, zikawa SEPTIN2 na MARCHF1. Mtumishi alikosea, na bwana ndiye aliyelazimika kubadili jina la mtoto wake!

Jambo la pili latugusa zaidi. Mwaka 2015 mashine ya Google Photos, ambayo hutambua picha na kuzipa lebo, iliwaita watu weusi wawili gorila. Kampuni iliomba radhi, kisha ikaiondoa lebo hiyo. Waandishi wa gazeti la Wired walipojaribu mwaka 2018, walikuta kwamba ukitafuta gorila hupati kitu, hata kama picha za gorila zimo. Basi tusi lilikoma, lakini mashine haikufunzwa kuona vizuri. Ilizibwa mdomo tu. Na gorila wa milima ya Rwanda, Uganda na Kongo wakakosa jina.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya mbali. La! Tuseme shule yaweka orodha ya maktaba katika kompyuta, nayo inaamriwa ifute kila lebo yenye kitabu kimoja tu, ili orodha iwe safi. Amri hiyo yaonekana njema. Lakini kitabu pekee cha ufugaji wa nyuki kitabaki rafuni bila lebo, na mwanafunzi akitafuta "nyuki" ataambiwa hakuna. Kwa kuwa hakuna aombaye kitabu kisichojulikana, mwakani kitahesabiwa kuwa hakina msomaji, na pengine kitatupwa. Vitu vingi vina watetezi wengi. Kitu cha peke yake ndicho huumizwa na amri ya jumla.

Sisemi turudi kwenye kadi na wino. Nasema mambo matatu. Kwanza, mashine ipendekeze, na mtu akubali au akatae. Pili, lebo ya zamani ihifadhiwe mahali, ili kosa likigunduliwa liweze kurudishwa nyuma. Tatu, awepo mtu mmoja anayejulikana, ambaye mwanafunzi, mwalimu au mzazi aweza kumwendea na kusema, "Hapa pamekosewa," naye awe na ruhusa ya kusahihisha. Chaguo la kuizuia Excel isigeuze majina kuwa tarehe lilitolewa mwaka 2023, karibu miaka ishirini baada ya malalamiko ya kwanza. Watu hawakukosa kuliona kosa. Walikosa mtu wa kuwasikiliza.

Haraka haraka haina baraka, na mashine ni haraka tupu. Baraka hapana budi tuilete wenyewe, kwa kukagua.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne