Nafasi ya 40 si hukumu: Shule za Kondele zijifunze kusoma matokeo ya mbio za nyika

KILA msimu wa mbio za nyika za shule za sekondari unapomalizika, habari zinazofika mtaani Kondele, jijini Kisumu, huwa fupi mno: nani alishinda, nani alifuzu na nani alirudi mikono mitupu. Karatasi ya matokeo hukunjwa, ikatiwa mfukoni na kusahaulika kabla ya juma kwisha. Mwaka unaofuata, mwalimu na wanafunzi wake huianza upya safari ile ile, wasijue walikosea wapi wala walipiga hatua gani.

Mtindo huu una gharama, na anayeilipa ni mwanafunzi. Kijana anayemaliza wa 40 katika mashindano ya eneo la Nyanza huambiwa kwamba mbio ndefu si za watu wa ziwani, akashauriwa ajaribu kandanda. Wapo wanaoyaamini maneno hayo na kuviweka viatu chini wakiwa na umri wa miaka 16. Ilhali karatasi ile ile, lau ingesomwa kwa makini, huenda ingemwonyesha jambo tofauti kabisa.

Kondele haijulikani kwa riadha. Watu huitaja kwa daraja lake la juu katika barabara ya Kakamega, kwa pilkapilka za bodaboda na kwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia. Aidha, mtaa huo umetajwa mara nyingi katika habari za makabiliano kati ya vijana na polisi nyakati za joto la kisiasa. Katika mazingira kama hayo, mchezo unaoweza kumfungulia kijana mlango wa chuo kikuu, wa polisi au wa jeshi si jambo la kupuuzwa.

Ni kweli kwamba jiografia haimpendelei. Ufuo wa Ziwa Victoria upo mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, huku mji wa Iten ukiwa kwenye mita zipatazo 2,400. Wala mwanafunzi wa Kondele hahitaji kwenda Bonde la Ufa ili akutane na wapinzani waliokulia kwenye hewa nyepesi. Eneo la Nyanza linajumuisha kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira. Nyanda za juu za Gusii ndizo zilizomtoa Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 jijini Mexico City mwaka 1968, na pia Yobes Ondieki, mtu wa kwanza duniani kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, mwaka 1993.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kisumu anapoorodheshwa wa 40 katika eneo hilo, nambari hiyo pekee haituelezi mengi. Huenda ameshindwa vibaya. Huenda pia amefanya vyema kuliko mwanafunzi yeyote wa shule yake katika miaka kumi. Ili kujua ukweli ni upi, sharti tuitazame karatasi yote.

Jambo la kwanza la kutazama ni hesabu ya timu. Mbio za nyika ni mchezo wa kikosi. Nafasi za wanariadha wanaohesabiwa hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo zaidi ndiyo mshindi. Tuchukue mfano wa shule mbili, kila moja ikihesabiwa wakimbiaji wanne. Shule ya kwanza inapata nafasi za 1, 3, 38 na 44, jumla 86. Ya pili haina hata mmoja katika kumi bora, bali inapata nafasi za 11, 14, 17 na 20, jumla 62. Shule ya pili imeshinda kwa pointi 24, ingawa picha za magazetini zitakuwa za bingwa wa shule ya kwanza.

Somo liko wazi. Shule ya kwanza haina haja ya kumkamua bingwa wake zaidi. Ikiwa mkimbiaji wake wa tatu na wa nne watapanda hadi nafasi za 25 na 28, jumla yake itashuka hadi 57 na kombe litakuwa lake, bila bingwa kuongeza kasi hata kwa sekunde moja. Mwalimu asiyepiga hesabu hii atautumia mwaka mzima kumnoa aliyekwisha kunolewa, huku wale wawili waliompokonya kombe wakiachwa wajitafutie.

Hata mataifa makubwa yameonja uchungu wa hesabu hiyo. Katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika Kampala mnamo Machi 26, 2017, Geoffrey Kamworor na Leonard Barsoton waliipa Kenya nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio za wanaume. Hata hivyo, dhahabu ya timu ilikwenda Ethiopia, ambayo wakimbiaji wake walifika wakiwa wamekaribiana. Siku hiyo hiyo, wanawake wa Kenya wakiongozwa na Irene Cheptai walitwaa nafasi zote sita za kwanza, na kwa kuwa wanne ndio waliohesabiwa, timu ikapata pointi 10, jumla ambayo haiwezi kupungua zaidi. Kikosi cha wanaume kilichotwaa ubingwa wa dunia kwa miaka 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003, nacho kilikuwa na mabingwa kama John Ngugi na Paul Tergat. Lakini katika sehemu kubwa ya miaka hiyo walihesabiwa wakimbiaji sita, na wawili peke yao wasingeweza kuubeba ubingwa huo.

Jambo la pili ni pengo la muda. Wengi huulinganisha muda wa mwaka huu na wa mwaka jana, wakasahau kwamba nyika si uwanja wa lami. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Kano hung'ang'ania miguu. Jua likiwaka, nyasi hukauka na njia ikawa nyepesi. Muda wa dakika 28 mahali pamoja hauna maana ile ile mahali pengine. Kipimo cha haki zaidi ni umbali kati ya mkimbiaji na mshindi katika mbio zile zile.

Mwanafunzi anayemaliza dakika 2 nyuma ya mshindi katika mbio za kilomita 8 ameachwa kwa sekunde 15 katika kila kilomita. Mwaka unaofuata akiachwa kwa sekunde 80, pengo limeshuka hadi sekunde 10 kwa kilomita. Yamkini nafasi yake itakuwa imepanda kutoka ya 40 hadi ya 36 tu, na wasiojua watasema amebaki pale pale. Kumbe amepunguza theluthi moja ya kazi iliyokuwa mbele yake.

Jambo la tatu ni jinsi mbio zilivyokimbiwa. Nafasi ya mwisho haielezi kama mwanafunzi alianza kwa pupa akaishiwa nguvu, au alibaki nyuma kwa woga akaanza kuwapita wenzake wakati utepe umekwisha kukatwa. Makosa hayo mawili yanaweza kuzaa nafasi moja, lakini dawa zake ni tofauti. Anayezirekodi nafasi za wakimbiaji wake katika kila mzunguko ndiye atakayejua ni dawa ipi ya kumpa nani.

Hakuna mfano bora wa somo hili kuliko wa Joshua Cheptegei wa Uganda. Katika mbio hizo hizo za Kampala za 2017, akiwa na umri wa miaka 20 na mbele ya mashabiki wa nyumbani, alichomoka na kuongoza hadi mzunguko wa mwisho. Ghafla miguu ikakataa. Wapinzani wakampita mmoja baada ya mwingine hata akamaliza wa 30. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wahenga walisema.

Lau wakuu wa riadha wa Uganda wangeisoma nambari 30 kama hukumu, jina lake lingefutwa. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na habari mbili. Ya kwanza ni kwamba aliweza kuwaacha bora wa dunia kwa sehemu kubwa ya mbio. Ya pili ni kwamba hakujua kuigawa nguvu yake. Uwezo alikuwa nao. Kilichokosekana kilikuwa kitu kinachofundishika. Mnamo Machi 30, 2019, huko Aarhus, Denmark, Cheptegei alitwaa ubingwa wa dunia, mwenzake Jacob Kiplimo akawa wa pili na Kamworor wa tatu. Uganda ikanyakua pia dhahabu ya timu. Mwaka 2020 Cheptegei aliweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, akashinda dhahabu za Olimpiki Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024.

Kampala, kama Kisumu, iko katika ukanda wa Ziwa Victoria, na mwinuko wake haupishani sana na wa Kisumu. Hii inatuleta kwenye jambo la nne, yaani hali ya hewa. Mnamo Machi 24, 2007, mashindano ya dunia yalipofanyika Mombasa, joto na unyevunyevu wa pwani ulimlazimu Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa ametawala mbio hizo tangu 2002, kujiondoa kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Hakuna aliyesema siku hiyo kwamba Bekele hajui kukimbia.

Mwili huhitaji takribani juma moja hadi mawili kuzoea joto. Mwanafunzi anayeteremka kutoka milimani asubuhi ili akimbie Kisumu adhuhuri hana muda huo, ilhali wa Kondele amelizoea jua hilo tangu utotoni. Kinyume chake, wa Kondele akipanda kwenda kushindana mahali pa juu, mapafu yake ndiyo yatakayolalamika. Kwa hivyo, matokeo ya mahali pamoja yasitumiwe kuufunga mjadala kuhusu kipaji cha mtoto. Shule inayoweka kumbukumbu za mbio za nyumbani na za ugenini itatambua ni kiasi gani cha pengo kinaletwa na mazingira, na ni kiasi gani kinaletwa na mazoezi duni.

Marekani, ambako Wakenya wengi wamepata nafasi za masomo kupitia riadha, wanafunzi hulelewa katika utamaduni wa kuhesabu timu: katika kikosi cha wakimbiaji saba, watano wa kwanza ndio huhesabiwa. Henry Rono alishinda ubingwa wa nyika wa vyuo vikuu nchini humo mara tatu, miaka ya 1976, 1977 na 1979. Edward Cheserek, aliyesomea shule ya upili jijini Newark, alishinda fainali ya taifa ya shule za upili mwaka 2011 na 2012, kisha ubingwa wa vyuo mara tatu mfululizo kuanzia 2013. Kocha wa chuo anayetafuta mwanafunzi huuliza alikimbiaje miaka miwili au mitatu iliyopita. Je, mwalimu wa Kisumu atamjibu nini ikiwa karatasi zote zilitupwa?

Kuna pia suala la umri. Malalamiko kuhusu wanafunzi wanaoficha umri wao yamekuwa yakisikika katika michezo ya shule kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka 15 akishindwa na mwenye miaka 18, au aliyepita hapo, hajashindwa na kipaji peke yake, bali na miaka mitatu ya kukomaa. Orodha isiyoonyesha umri humficha mtoto huyo, na pengine ndiye bingwa wa kesho. Vivyo hivyo, shule zinazowinda washindi wa shule nyingine kwa ahadi za karo huwatazama watatu wa kwanza tu, na shule ndogo hubaki ikiamini kwamba haina kitu tena.

Tiba yake haihitaji mamilioni. Kwanza, Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari (KSSSA), kuanzia ngazi ya kaunti ndogo, kitoe orodha kamili ya wote waliomaliza, pamoja na umri na muda wa kila mmoja, badala ya majina ya waliofuzu pekee. Pili, mashindano ya kaunti yafanyike kwenye njia ile ile kila mwaka inapowezekana, ili pawe na cha kulinganishwa. Tatu, kila shule iwaweke wanafunzi wawili au watatu kandokando ya njia wakiwa na kalamu, waandike nafasi za wenzao katika kila mzunguko. Nne, mwalimu akutane na kikosi chake kabla ya juma kwisha, wavulana kwa wasichana, na kila mkimbiaji aambiwe alipokuwa, alipo sasa na anachopaswa kurekebisha.

Vyombo vya habari navyo vinaweza kusaidia. Ukurasa wa michezo una mipaka na majina matatu hutosha kujaza nafasi iliyopo. Lakini tovuti haina mipaka hiyo, na hakuna sababu ya orodha nzima ya Nyanza kutowekwa mahali ambapo mzazi wa Manyatta au Mamboleo anaweza kuisoma.

Haya yote hayatamfanya kila kijana wa Kondele kuwa Cheptegei. Wapo watakaojitahidi na bado wasifuzu, na ni haki yao kuambiwa ukweli. Ila wauambiwe baada ya hesabu kupigwa. Daftari moja, saa moja ya kupimia muda na mwalimu mwenye subira vinatosha kuanza, na msimu ujao usitukute tena tukianza na karatasi tupu.