Haki ya Mnunuzi Isizame Ziwani

Katika miaka hii ambayo nguzo za umeme zimefika katika vijiji ambavyo wazee wetu walivijua kwa koroboi na karabai, kumezuka katika mkoa wetu wa Mwanza jambo ambalo halipigiwi kelele vikaoni wala halionekani katika taarifa za utekelezaji, ingawa linawaumiza wananchi wengi. Mwananchi huuza pamba, mpunga au dagaa, akadunduliza fedha msimu mzima, kisha akaenda mjini kununua jokofu, televisheni au pasi. Hurudi nyumbani na kitu kipya ndani ya boksi lake. Na kabla mwezi haujaandama tena, kitu kile kimekufa. Akikirudisha dukani huoneshwa kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mwandishi wa safu hii hasimulii habari ya kuambiwa. Mwaka jana nyumba yake mwenyewe hapa Misungwi ilinunua jokofu jipya katika duka moja la mjini Mwanza. Siku ya kumi na moja likaacha kugandisha, likabaki kuwaka taa tu. Muuzaji alipoelezwa hakuuliza hata jina la aina yake. Alisema: “Kaka, ni umeme wenu wa huko ndio umeiua mashine.” Fundi wa umeme naye alipima na kusema nyaya ziko sawa, tatizo limo ndani ya jokofu. Safari tatu zilifanyika kati ya Misungwi na Mwanza, moja kati ya hizo kwa gari la kukodi, na jokofu likakaa dukani wiki tano. Liliporudi lilikuwa linafanya kazi. Nauli na fedha za kukodi gari hazikurudi, wala hakuna aliyesema pole. Majirani walitupongeza kwamba tuna bahati. Ni dhahiri kwamba mahali ambapo kutendewa nusu ya haki huhesabiwa kuwa bahati, haki yenyewe bado haijafika.

Hata hivyo, si kweli kwamba nchi yetu haina sheria katika jambo hili. Sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi tangu wakati wa utawala wa Mwingereza, inahesabu kwamba anayeuza bidhaa kwa kazi yake ya biashara ametoa ahadi, hata kama hakuitamka, kwamba bidhaa ile ina ubora unaostahili na inafaa kwa kazi aliyoielezwa na mnunuzi. Kasoro iliyojificha, ambayo jicho la mnunuzi lisingeweza kuiona pale dukani, haimwondolei muuzaji wajibu wake. Ilipokuja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, mlaji aliongezewa ulinzi: sheria hiyo inakataza udanganyifu katika kuuza, inaweka masharti yanayohesabika kuwamo katika mauziano hata kama hayakuandikwa, na ina sehemu inayohusu wajibu wa mtengenezaji. Kibao cha ukutani, kilichoandikwa na mwenye duka kwa faida yake mwenyewe, hakiwezi kuwa na nguvu kuliko sheria iliyopitishwa na Bunge.

Tena jambo hili si geni katika mila zetu za mauziano. Wale waliokaa chuoni na kusoma mlango wa biashara katika fikihi wanajua kwamba wanavyuoni walikwisha kuliamua karne nyingi zilizopita. Mnunuzi akikuta aibu iliyokuwamo katika kitu kabla hajakabidhiwa, ana hiari ya kukirudisha na kurejeshewa thamani aliyotoa, ila asikawie kudai, na asiendelee kukitumia baada ya kuijua aibu ile. Sheria ya serikali na fikihi zimefuata njia mbalimbali na kukutana mahali pamoja: fedha nzima hulipwa kwa kitu kizima.

Basi, ikiwa sheria ipo, kwa nini mwananchi anaumia? Hapana budi tutazame tulikotoka. Katika miaka ya 1970 shida ya mlaji ilikuwa kupatikana kwa bidhaa na bei yake. Udhibiti wa bei uliwekwa kwa sheria mwaka 1973. Mwaka huo huo kampuni za biashara za mikoa, RTC, zikachukua kazi za Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Na mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Ofisa wa biashara wa siku zile alijua kazi yake: kuangalia bei na kufichua bidhaa zilizofichwa. Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, foleni zikatoweka, maduka yakajaa. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini swali lilikuwa limebadilika. Zamani mlaji aliuliza, “Kipo? Bei gani?” Leo anauliza, “Kizima? Kikiharibika nitamwona nani?” Vyombo vyetu katika wilaya havijapewa maandalizi ya kutosha ya kulijibu swali hili la pili.

Ndipo inapokuja habari ya umbali, nayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha jambo lote. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, TBS, zina ofisi za kanda mjini Mwanza. Kwa mkazi wa mjini huo ni mwendo wa miguu. Kwa mtu wa Misungwi ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kwa mtu wa Ukara ni kivuko kutoka Bwisya hadi Bugolora, kisha gari hadi Nansio, kisha meli hadi Mwanza, naye ana jokofu mgongoni mwa wapagazi. Akifika anaambiwa aliache, arudi baada ya wiki mbili kuuliza. Mtu wa Kome, wa Maisome au wa Ilugwa anaijua hesabu hiyo vema kuliko sisi. Mara nyingi gharama ya kuidai haki hukaribia thamani ya kitu chenyewe, na mwananchi mwenye akili timamu huamua kunyamaza. Muuzaji asiye mwaminifu anajua hivyo. Anajua kwamba bidhaa iliyovuka maji hairudi.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa hapa kwetu Kigongo daraja la JPM, lenye urefu wa kilometa tatu, linalounganisha Misungwi na upande wa Busisi, Sengerema. Lori lililosubiri kivuko kwa saa nyingi sasa linavuka kwa dakika chache, na bidhaa za mjini zinafika upande wa pili asubuhi ile ile. Tunaishukuru serikali kwa kazi hiyo kubwa. Lakini njia iliyorahisisha bidhaa kwenda haijarahisisha malalamiko kurudi. Na kwa wenzetu wa visiwani, ambao kwao daraja halipo, hali ni ngumu zaidi.

Lazima pia tuseme kweli kuhusu kisingizio cha umeme, kwa sababu si chote ni kisingizio. Umeme ukishuka nguvu kupita kiasi, mota ya jokofu hushindwa kuanza kuzunguka, hunyonya umeme mwingi, hupata moto, na mwishowe waya wake wa ndani huungua. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, mitambo ya ndani ya televisheni huweza kuharibika. Aidha, jokofu lililolazwa ubavu ndani ya mtumbwi au juu ya basi huingiza mafuta ya kompresa katika mabomba. Likiwashwa papo hapo laweza kuharibika, ilhali lingesimamishwa wima kwa saa kadhaa lingesalimika. Lakini mambo haya yote muuzaji anayajua kabla hajauza. Kama anajua kwamba mteja wake anakwenda kisiwani, na hakumwambia namna ya kulisafirisha wala hakumshauri kununua kifaa cha kulinda umeme, basi asije baadaye akamlaumu kwa kutojua. Na anayedai kwamba umeme ndio ulioharibu, na athibitishe kwa maandishi ya fundi, si kwa kukisia kutoka nyuma ya meza.

Hatuandiki haya kuwachafua wafanyabiashara. Wapo wengi waaminifu, ambao hujaribu bidhaa mbele ya mteja, hugonga muhuri katika hati ya dhamana na kubadilisha kilicho kibovu bila ugomvi. Wapo pia wanunuzi wanaoangusha kitu wenyewe, au wanaompa fundi wa mtaani akifungue, kisha wakadai kilikuja kibovu. Tena mwenye duka naye ni mnunuzi: alinunua kwa mwagizaji wa Dar es Salaam, naye ana haki ya kumdai huyo wa juu yake. Lakini mnyororo huo ni wake yeye kuupanda. Mkulima wa Misungwi hakuagana na mwagizaji wala na kiwanda cha ng’ambo. Aliagana na mtu aliyepokea fedha zake mkononi.

Hivyo basi, tunawaomba viongozi wanaohusika wayatafakari mambo yafuatayo. Kwanza, bidhaa yenye kasoro iliyokuja nayo, ikiharibika ndani ya muda wa dhamana, gharama ya kuirudisha ibebwe na aliyeiuza, na jambo hilo liandikwe wazi katika hati ya dhamana, kwa Kiswahili. Pili, ofisa biashara wa kila halmashauri, hususan Ukerewe, Buchosa, Sengerema na hapa Misungwi, awe na daftari la malalamiko ya walaji, na awe na wajibu wa kuyapeleka katika Tume ya Ushindani kwa niaba ya mwananchi, ili karatasi isafiri badala ya jokofu. Tatu, pale muuzaji anaposema ni umeme na shirika la umeme linasema ni bidhaa, mwananchi asiachwe katikati kama mpira. Apewe maandishi kutoka pande zote mbili, na upande wa umeme ukilalamikiwa, shauri lipelekwe EWURA, ambayo kisheria hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Kwa upande wetu sisi walaji, haki huandamana na wajibu. Tudai risiti ya mashine ya kodi kila tunaponunua. Na kwa kuwa maandishi ya risiti zile hufifia, tuitoe nakala au tuipige picha siku ile ile, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Tutake bidhaa iwashwe mbele yetu kabla ya kulipa. Tusome hati ya dhamana na kuhakikisha ina tarehe na muhuri. Kitu kikiharibika tusikifungue, tusikawie, na tuandike barua, kwa maana neno la mdomo halina shahidi.

Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kuwalinda walaji mwezi Aprili 1985, na ndani yake imo haki ya mlaji kupata nafuu kwa njia ya haraka na isiyo na gharama kubwa. Miaka arobaini imepita. Nchi yetu ina sheria, ina tume, ina maofisa. Kilichobaki ni kuvifikisha mahali alipo mwananchi. Fedha za mtu wa Ukara hupokelewa dukani mjini Mwanza bila kuulizwa zilivuka maji mangapi. Malalamiko yake nayo yapokelewe hivyo hivyo.