Eti kwa Wenzetu Kibali ni Chapuchapu

Kwenye foleni ya leseni, iwe Kinondoni au Nairobi, hakosekani mtu wa kutoa hukumu. Ameshaleta namba ya mlipakodi, bwana afya akataka vyeti vya vipimo vya wahudumu, kikaulizwa na cheti cha zimamoto, na sasa ameambiwa arudi kesho. Anamgeukia aliye nyuma yake na kusema lile ambalo kila mtu amewahi kulisikia: huu ni ugonjwa wetu Waafrika. Kwa wenzetu Marekani unafungua kompyuta, unajaza fomu, jioni uko kazini.

Wanaomsikia huitikia kwa kichwa. Hata baadhi ya wenye mamlaka huufurahia usemi huo, maana jambo likishaitwa ugonjwa wa bara zima, hapatikani wa kuulizwa kwa jina lake.

Ni imani ya uongo. Walioujua uongo wake mapema ni wanawake wa Kiafrika waliovuka bahari na kufika huko huko Marekani na ufundi wao wa kusuka.

Jestina Clayton alizaliwa Sierra Leone na kujifunza kusuka akiwa mtoto, kama wanavyojifunza wasichana wa Temeke au Kisumu. Alipohamia jimbo la Utah, akaanza kusuka watu kwa malipo. Akaelezwa kwamba bila leseni ya urembo anavunja sheria, na leseni hiyo ilidai saa 2,000 za mafunzo. Kozi ya msingi ya mhudumu wa gari la wagonjwa nchini humo ni kiasi cha saa 150 tu. Kwa maneno mengine, jimbo lilikuwa tayari kumkabidhi mtu majeruhi anayevuja damu kabla ya kumwamini mwingine na mabutu. Tena sehemu kubwa ya saa hizo ingekwenda kwenye mikasi, dawa na rangi za nywele, vitu ambavyo msusi wa mkono havigusi kabisa. Alilazimika kwenda mahakama ya shirikisho, na Agosti 2012 jaji akaamua kwamba kumbana msusi kwa masharti hayo ni kinyume cha Katiba.

Texas kulikuwa na makubwa zaidi. Mwaka 1997, mjini Dallas, polisi walimkamata Isis Brantley kwa kosa la kusuka bila leseni. Miaka kumi baadaye jimbo likaweka leseni maalumu ya kusuka, lakini aliyetaka kufundisha ufundi huo alitakiwa awe na jengo la futi za mraba 2,000, viti kumi na masinki ya kuoshea nywele, ingawa kusuka hakuhitaji sinki. Kesi ilipofika mbele ya jaji, jimbo lilishindwa kutaja hata shule moja ya ususi iliyowahi kutimiza masharti hayo. Mwaka 2015 masharti yakaanguka mahakamani, na mwaka huo huo bunge la jimbo likawaondoa wasusi katika leseni hiyo. Tangu Brantley akamatwe, miaka 18 ilikuwa imepita. Leo zaidi ya majimbo 30 ya Marekani hayamdai msusi leseni, na mengi yamefika hapo baada ya mivutano mahakamani na bungeni.

Mpenzi wa ile hukumu ya foleni atasema hizo ni nywele tu. Basi ageukie chakula.

Chicago ina sheria inayolikataza gari la chakula kuegesha ndani ya futi 200, yaani kama mita 60, kutoka kwenye mlango wa mgahawa au biashara nyingine inayouza chakula. Faini yake inafika dola 2,000, na kila gari lazima lifungwe kifaa cha kuonyesha mahali lilipo ili jiji liweze kufuatilia. Mwenye gari mmoja alipokwenda mahakamani, Mahakama ya Juu ya Illinois ikaipa Serikali ya jiji ushindi Mei 2019. Hoja iliyoshinda haikuwa uchafu wala magonjwa ya tumbo. Mahakama ilikubali kwamba jiji lina haki ya kuilinda migahawa yenye majengo, kwa kuwa inalipa kodi ya majengo na kuimarisha mitaa. Muuza chakula wa barabarani aliwekewa mita 60 kwa faida ya mshindani wake, na hilo likaandikwa wazi katika hukumu.

New York nako, tangu mwaka 1983 idadi ya vibali vya mikokoteni na magari ya chakula iliwekewa ukomo wa karibu 3,000. Watu waliendelea kumiminika jijini, vibali vikabaki vilevile. Kibali ambacho jiji lenyewe lilitoza dola 200 kwa miaka miwili kikawa kinakodishwa kwa mlango wa nyuma kwa zaidi ya dola 20,000. Mhamiaji aliyeamka alfajiri kukaanga kuku aliishia kumtajirisha mtu aliyelala nyumbani na karatasi yake. Sheria ya mwaka 2021 iliahidi kuongeza leseni 445 kila mwaka kwa muda wa miaka kumi. Mtu akiuona mfumo huo Ilala, ataita ulanguzi bila kusita.

Sasa imani hii ya chapuchapu ilipata wapi nguvu? Kwa sehemu kubwa, kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara. Toleo la mwaka 2020 liliiweka Marekani nafasi ya 6, Kenya ya 56 na Tanzania ya 141, na mawaziri wetu wakazitaja namba hizo kama matokeo ya mtihani wa taifa. Wachache walisoma kilichokuwa kikipimwa. Biashara ya mfano ilikuwa kampuni yenye dhima ya ukomo, iliyo katika jiji kubwa la kibiashara, yenye wafanyakazi kati ya 10 na 50. Mama lishe hakuwemo. Msusi hakuwemo. Kwenye kipengele cha kuanzisha biashara, kilichopimwa ni kuiandikisha kampuni, na kweli Marekani hilo ni jambo la kubofya. Ruhusa ya kushika kitana au mwiko ni habari nyingine, na orodha ile haikuigusa. Septemba 2021 Benki yenyewe ikaifuta ripoti hiyo baada ya kugundulika kwamba takwimu za nchi kadhaa zilichezewa.

Hapa hakuna anayedai kwamba Dar es Salaam ni pepo. Anayefungua saluni Tanzania anakutana na namba ya mlipakodi, leseni ya halmashauri chini ya sheria ya mwaka 1972, na kulingana na aina ya eneo lake, zimamoto na usalama mahali pa kazi. Lakini ana uhuru mmoja ambao Clayton aliupigania mahakamani: hakuna anayemwuliza amekaa darasani saa ngapi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti kwa kile anachokiweza. Mrasimu wa Utah angetakiwa kuja kujifunza hilo kwenye chuo cha VETA Chang'ombe.

Na milango inapunguzwa pale mtu anapoamua kuihesabu. Mpango wa serikali wa mwaka 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, maarufu kama MKUMBI, ulitaja bila kificho taasisi zinazofanya kazi ileile kwa mfanyabiashara yuleyule. Mwaka uliofuata usimamizi wa chakula na vipodozi ukatolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kuwekwa TBS, shirika la viwango. Nairobi nayo mwaka 2023 ilianzisha kibali kimoja cha pamoja badala ya rundo la vibali. Mageuzi hayo yana kasoro zake, ila yanatosha kuonyesha kwamba usumbufu huu unatungwa na watu kwa kanuni zenye namba na tarehe, na watu hao wanaweza kuufuta.

Swali la kuuliza mbele ya kila kibali, popote duniani, ni hili: kinamlinda nani? Cheti cha afya cha mpishi kinamlinda mlaji, na mji uliowahi kuugua kipindupindu hauna sababu ya kukidharau. Mita 60 za Chicago zinamlinda mwenye mgahawa. Viti kumi vya Texas viliwalinda wenye shule. Tatizo la kuamini kwamba wenzetu wameshamaliza mambo haya ni kwamba tunakuwa tayari kuiga kila kitu chao, pamoja na leseni zilizotungwa kumzuia mtu asiingie sokoni.

Tanzania imeshaanza kuionja dawa hiyo. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, saluni ikiwemo, isipokuwa iliyo hotelini au ya shughuli za utalii. Malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo kuhusu washindani wa kigeni, yaliyotangulia amri hiyo, yalikuwa ya kweli, na kuwalinda wazawa ni sera inayoweza kujadiliwa kwa heshima. Ila iitwe kwa jina lake: ni leseni iliyogeuzwa uzio dhidi ya mshindani, kwa mantiki ileile ya Chicago. Msusi wa Kinondoni aliyeshangilia tangazo hilo amebaki na ada zilezile, vyeti vilevile na maofisa walewale, kwa sababu katika amri nzima hakuna kifungu kinachompunguzia hata karatasi moja. Hicho ndicho alichotakiwa kukidai kwa mbunge wake na kwa diwani wake, na bado anaweza kukidai.