Saka Hakuiua Timu Yako, Uliiua Mwenyewe

Kila mwaka Desemba ikifika kuna kilio kinajaa mitandaoni kuliko matangazo ya sikukuu. Mtu anapiga skrinishoti ya kikosi chake cha Fantasy Premier League, wachezaji watatu wana bendera nyekundu, wawili wana njano ya asilimia 50, anaandika "msimu umeisha, majeruhi wameniua", halafu anakaa kusubiri pole. Na pole zinakuja kweli. "Pole kaka." "Hata mimi." "Mwaka huu tumerogwa."

Hakuna aliyerogwa. Mchezo una watu zaidi ya milioni 11 dunia nzima, na wote wanachagua kutoka kwenye vikosi vilevile vya timu 20. Goti likienda London, linaenda kwa aliyeko Manzese na kwa aliyeko Oslo, siku ileile, dakika ileile. Sasa inakuwaje mmoja anapanda na mwingine anakaa Mei nzima anahesabu waliovunjika?

Chukua mfano wa mtangazaji mmoja wa redio hapa Dar, jina kapuni. Msimu wa 2024/25 alikuwa kwenye ligi ya ofisini, watu 24, kila mmoja katoa elfu 20. Jumla laki 4 na 80. Mshindi laki 3, wa pili laki na 20, wa tatu elfu 60. Makubaliano yaliandikwa kwenye grupu la WhatsApp tangu Agosti na kila mtu akajibu kwa dole gumba, yeye akiwa wa kwanza. Msimu umeisha Mei, jamaa yuko nafasi ya 17. Ndipo akaja na hoja yake, tena kwa voisi noti ya dakika nne: eti msimu ulikuwa "wa majeruhi", haukuwa wa haki, kwa hiyo kila mtu arudishiwe elfu 20 yake na wasahau.

Kinachochefua siyo hiyo voisi noti. Kuna watu wazima, wenye akili zao na mishahara yao, waliandika chini yake "point".

Haya, yaangaliwe hayo majeruhi yake moja moja.

Bukayo Saka aliumia Jumamosi ya Desemba 21, 2024, Arsenal wakiwa ugenini kwa Crystal Palace. Msuli wa nyuma ya paja, kipindi cha kwanza tu, akatoka. Kabla ya Krismasi Arteta alishasema dogo atakosekana wiki nyingi. Dedilaini iliyofuata ilikuwa Desemba 26, saa 8 mchana kwa saa za huku. Yaani mtu alikuwa na siku nne na ushee, tena za mapumziko, amekaa na simu mkononi anakula pilau. Kumtoa Saka na kuingiza kiungo mwingine ni kazi ya sekunde 30.

Mtangazaji hakumtoa. Wala si kwamba alisahau. Alikataa, na sababu aliitaja mwenyewe kwenye grupu: alimnunua Saka mapema, bei imepanda, akimuuza atapoteza thamani. Ni kweli kwamba kwenye mchezo huu ukiuza mchezaji aliyepanda bei unapata nusu tu ya faida. Lakini huyo ni mchezaji wa zaidi ya milioni 10 kati ya bajeti ya milioni 100 ya kuanzia. Kumweka benchi wiki baada ya wiki ili kulinda laki moja au mbili za kwenye programu ni sawa na mwenye daladala kuliacha gari juu ya mawe miezi mitatu kwa sababu akiliuza leo atapata hasara. Abiria wanapanda la mwenzie.

Na la mwenzie lilikuwepo, tena la bei ya chini. Bryan Mbeumo alianza msimu ule akiuzwa milioni 7, akacheza mechi zote 38 na kufunga mabao 20. Chris Wood wa Nottingham Forest alianza kwa milioni 6, naye mabao 20. Mohamed Salah hakukosa hata mechi moja ya ligi na akamaliza na pointi 344, rekodi ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuifikia kwenye mchezo huu. Kwa hiyo huo unaoitwa msimu wa majeruhi ndio msimu ambao mchezaji mmoja alitoa pointi nyingi kuliko wakati wowote. Mtu aliyekuwa nazo hizo sura tatu hakuwa na muda wa kurekodi voisi noti.

Aliyeshinda ile ligi ni dada wa mapokezi. Naye Saka alikuwa naye! Watu 15 kati ya 24 walikuwa naye. Hapa ndipo hoja ya jamaa inapokufa kabisa, maana ligi ni ushindani wa mtu na mtu. Kama zaidi ya nusu ya grupu wamepata pigo lilelile jioni ileile, pigo hilo haliwezi kueleza kwa nini mmoja ni wa kwanza na mwingine wa 17. Kinachoeleza ni siku nne zilizofuata. Dada alikuwa ameweka akiba ya usajili wa bure, kwa sababu kuanzia msimu ule ruksa ilikuwa kulimbikiza hadi mara tano badala ya mbili za zamani. Akamtoa Saka, akagawa ile hela kwa wachezaji wawili, hakukatwa pointi hata moja. Alipoulizwa siri yake ni nini akasema yeye husoma wanachosema makocha Alhamisi na Ijumaa, basi. Vijana wa kitengo cha michezo wakacheka. Wamecheka wakiwa nafasi ya 9, ya 12 na ya 20.

Kuna suala la benchi, na hapa lawama ni ya wengi, siyo ya mtangazaji peke yake. Kuna imani mtaani kwamba benchi ni jalala. Unatupa pale mabeki wa milioni 4 ambao hata kocha wao hana uhakika na majina yao, ili hela yote iende mbele kwa mastaa. Inapendeza Agosti. Ikifika Desemba mechi zinabanana, mastaa wawili hawachezi, programu inatafuta mtu wa kuingiza kutoka benchi na inakuta watu watatu waliokaa jukwaani na makoti. Sifuri, sifuri, sifuri. Halafu anayelaumiwa ni daktari wa Arsenal.

Benchi lenye hata watu wawili wanaoanza kila wiki kwenye timu ndogo linaleta pointi mbili hapa, sita pale. Halina sifa, hakuna anayelipigia skrinishoti. Ila kwa wiki 38 hizo pointi zinakuwa ngazi nzima ya kupanda kwenye msimamo.

Na kuna majeraha yasiyokuwa na bendera kabisa, ambayo wazee wa kulia hawayaoni kwa sababu hayako kwenye kikosi chao. Septemba 22, 2024, Rodri wa Manchester City aliumia goti dhidi ya Arsenal, na hakucheza tena mpaka Mei. Nani alikuwa na Rodri kwenye Fantasy? Wachache sana, msimu ule kiungo wa kukaba hakuwa na pointi za kuvutia. Lakini Haaland wa milioni 15 walikuwa naye karibu wote, na alikuwa na mabao 10 kwenye mechi tano za kwanza. Alama yake ilibaki safi, haina njano wala nyekundu. Baada ya hapo City wakayumba, kati ya mwishoni mwa Oktoba na Boxing Day wakashinda mechi 1 tu kati ya 13 za mashindano yote. Haaland akamaliza ligi na mabao 22, maana yake 12 tu toka siku ile. Beki wa City nao, waliokuwa wakinunuliwa kwa ajili ya kutoruhusu bao, wakawa wanakula mabao kama timu ya mchangani.

Aliyekuwa anaangalia mpira aliona. Aliyekuwa anaangalia bendera alimpa Haaland ukepteni wiki baada ya wiki, na leo akiulizwa atasema majeruhi wamemuua, wakati jeraha lililomuua hajawahi hata kulitaja.

Bahati mbaya ya kweli ipo, nani atabisha. Kepteni wako akianza mechi na kuumia dakika ya 10, anapata pointi 1, inazidishwa mara mbili, unapewa 2. Msaidizi wake harithi chochote, kwa sababu sheria inasema kepteni akigusa uwanja hata dakika moja basi amecheza. Bora angebaki nyumbani anaumwa tumbo! Hiyo sheria ni kali na inauma, anayeilalamikia ana haki. Agosti 2023 Kevin De Bruyne alitolewa dakika ya 23 ya mechi ya kwanza kabisa ya msimu, kwa Burnley, na hakuonekana tena mpaka Januari. Aliyemjenga timu yake yote aliamka Jumamosi bila mhimili. Pole yake ilikuwa halali.

Lakini msimu huohuo wa 2023/24 kijana aliyekuwa akiuzwa milioni 5, Cole Palmer, alimaliza na pointi 244, wa kwanza kuliko wote. Nafasi ya kujirekebisha ilikuwa wazi miezi tisa. Wiki moja mbaya ni bahati. Wiki 38 mbaya zina mwenyewe.

Baada ya pigo la kweli huwa inakuja ile wazimu ya usiku wa Ijumaa: watu wanne nje, wanne ndani, bila akiba, bila Wildcard. Kila usajili wa ziada unakatwa pointi 4. Mtu anaanza wiki akiwa na minus 12 kwa sababu mchezaji wake ana asilimia 75, ambayo kwa Kiswahili cha kawaida maana yake ni kwamba pengine atacheza. Jumamosi yule aliyemuuza anafunga. Jumapili skrinishoti. Wengine hata dedilaini inawapita, maana Uingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba ile ya Jumamosi inatoka saa 7 mchana kuja saa 8, wakizisogeza mbele tena Machi inarudi saa 7, na kila mwaka kuna mtu anafungua programu saa 7 na nusu anakuta mlango umefungwa. Huyo naye atasema majeruhi.

Kuhusu wale "wataalam" wenye chaneli za kulipia, elfu 5 kwa mwezi, inatosha kusema hivi: kepteni wao akifunga ni uchambuzi, asipofunga ni majeruhi ya timu. Hakuna mwezi hata mmoja waliokosea.

Turudi kwa laki 4 na 80. Admin wa lile grupu ameingia baridi. Mtangazaji ni mtu wa jina, anaweza kukutaja hewani, anaweza kukualika kwenye hafla. Dada wa mapokezi hana redio. Kwa hiyo admin kaandika eti "tuliangalie hili kwa pamoja", na hela imebaki kwenye simu yake. Kuliangalia nini? Hakuna mahali kwenye yale makubaliano ya Agosti palipoandikwa kwamba wachezaji wasiumie. Mpira wa miguu una majeruhi kama barabara ya Morogoro ilivyo na foleni, ukipanga safari bila kuihesabu umechelewa kwa hiari yako. Laki 3 ni za yule dada, na kila siku zinapolala kwa admin ni siku ambayo mtu ananyimwa chake kwa sababu aliyeshindwa ana sauti nzuri.

Na kuna lile ambalo grupu zima lilicheka badala ya kukemea. Usiku ule wa Selhurst Park Saka aliondoka uwanjani kwa magongo. Mtoto wa watu ana miaka 23, hajui kama atacheza tena msimu huo. Mtangazaji akaingia kwenye akaunti ya Saka, akamwaga matusi ya Kiswahili na Kiingereza, akapiga skrinishoti, akaileta grupuni kama ushujaa. Huyuhuyu ambaye staa wa timu yake ya Kariakoo akikanyagwa anatangaza hewani kwa sauti ya msibani, "tumwombee kijana wetu". Kijana wao anaombewa, kijana wa wenzao anatukanwa kwa kuwa alikuwa kwenye kikosi cha simu.

Saka alirudi Aprili 1, 2025, nyumbani dhidi ya Fulham. Aliingia kipindi cha pili na hazikupita dakika 10 akafunga. Mtangazaji hakuwa naye. Baada ya kumweka benchi toka Krismasi, alikuwa amemuuza Machi, kwa kukatwa pointi 4.