MCHEZA SANTURI NAYE NI MFANYAKAZI

Yuko mfanyakazi mmoja katika mji wetu wa Arusha ambaye kila mtu amemwona, lakini ni wachache waliopata kumhesabu kuwa mfanyakazi. Huyu ni mcheza santuri wa kukodiwa, ambaye vijana humwita DJ. Hana ukumbi wala klabu. Mali yake ni vipaza sauti viwili au vinne, mashine ya kuchanganyia muziki, kompyuta, mzigo wa nyaya, na pengine jenereta. Hivyo vyote huvipakia katika kirikuu akaenda popote aitwapo: leo Njiro, kesho Ngaramtoni, keshokutwa Usa River, au vijiji vya mlimani Meru kama Nkoaranga na Akeri. Harusi hazinogi bila yeye, wala sherehe za kumuaga binti, wala za kipaimara. Twataka leo kusema juu ya uchovu wa mtu huyu, maana uchovu huo si jambo dogo, wala si jambo lake peke yake.

Wako watakaocheka. Watauliza: mtu akaaye penye pilau na soda, akisikiliza muziki usiku kucha, achoke kwa lipi? Ndugu, na tuhesabu pamoja. Sherehe ya saa moja jioni humtoa nyumbani saa sita mchana. Hana budi apakie, asafiri, ateremshe, afunge nyaya na kujaribu sauti kabla wageni hawajaingia. Wageni wakiondoka saa sita usiku, ndipo yeye aanzapo kufungua nyaya na kupakia upya; afikapo kwake ni saa nane. Hizo ni saa 14. Mwezi wa Desemba akipata shughuli nne katika juma moja, amekwisha fanya kazi saa 56, tena nyingi za usiku.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaagiza kwamba saa za kawaida za mwajiriwa zisizidi 45 kwa juma, wala 9 kwa siku. Yaagiza apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 kila juma, na likizo ya siku 28 kila mwaka. Afanyaye kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa ya usiku. Katika haki hizo zote, mcheza santuri hana hata moja, kwa kuwa hana mwajiri. Bwana wake ni kamati ya harusi, na kamati ya harusi ikimaliza kazi yake huvunjwa. Hata siku ya kuivunja, yeye ndiye aitwaye apige muziki!

Mwili una hesabu yake, nao hausamehi deni. Wataalamu wa usalama kazini hukubali mtu akae penye sauti ya desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Penye desibeli 100 zimesalia dakika 15 tu. Mcheza santuri husimama kando ya vipaza sauti vyake saa tano nzima, mwaka baada ya mwaka. Na kuhusu kukesha, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitamka mwaka 2007, ikakariri mwaka 2019, kwamba yaelekea kazi ya zamu za usiku huleta saratani.

Moyo nao huchoka. Mwaka 2019 Shirika hilohilo la Afya lilieleza uchovu huu katika orodha yake ya magonjwa, likisema kwamba si ugonjwa bali ni hali itokanayo na shida za kazi za muda mrefu zisizotengenezwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kazi yenyewe kupungua ubora. Atakaye kuziona dalili hizo na amtazame mcheza santuri aliyetimiza miaka ishirini kazini. Nyimbo zake ni zilezile kwa mpango uleule tangu mwaka juzi. Bibi harusi aingiapo, yeye hainui uso. Muziki alioupenda ujanani hata akauacha ufundi mwingine kwa ajili yake, sasa hataki kuusikia nyumbani kwake. Watu husema amelewa sifa, au amekuwa mvivu. La hasha! Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Wakasahau kutuambia kwamba mpigaji naye hupasuka.

Wala tusidhani kwamba fedha peke yake ni dawa. Yule kijana wa Sweden aliyejulikana kwa jina la Avicii alikuwa miongoni mwa wacheza santuri waliolipwa vizuri kabisa duniani. Mwaka 2016 aliacha ziara zake baada ya afya yake kudhoofika, na mwezi wa Aprili 2018 alifariki huko Muscat, Oman, akiwa na umri wa miaka 28. Ikiwa mwenye mamilioni alielemewa, itakuwaje kwa mwenye kirikuu cha kukodi?

Basi kiini cha uchovu huu ni nini? Wengine hutaja usiku, wengine kelele. Sisi twasema kiini chake ni hofu. Kazi hii ina miezi ya shibe na miezi ya njaa. Desemba watu hurudi nyumbani, ndoa na vipaimara hupangwa siku moja kijiji hata kijiji, na simu yake hailali. Kisha huja Kwaresima, siku 40 ambazo makanisa mengi hayafungishi ndoa. Mfungo wa Ramadhani nao hunyamazisha harusi za Waislamu. Mvua za masika zikishuka, barabara za mlimani huwa matope, na vipaza sauti hulala chini ya turubai. Watoto wake hawafungi shule kwa sababu ya Kwaresima, wala mwenye nyumba hasamehi kodi kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo Desemba haikatai kazi yoyote. Huyakimbilia yote, akiona usingizi si kitu, kwa kuwa tayari aiona njaa ya Machi. Uchovu wa Desemba ni njaa ya Kwaresima iliyotangulia kuja.

Wako wamshaurio apumzike, akatae baadhi ya kazi. Ni shauri jema, ila limekatika katikati. Akikataa yeye, jirani yake wa Sakina au Kijenge ataikubali kwa bei ya chini zaidi, na mwaka ujao kamati itamfuata jirani. Mtu mmoja hawezi kujitungia sheria ya kazi. Lazima iwe ya wote, ama si sheria.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake ya NUTA Jazz, ambayo baadaye ikaja kuitwa Msondo Ngoma. Wapigaji wake walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara kama wafanyakazi wengine. Hatusemi kwamba kila mcheza santuri aajiriwe leo na chama. Twasema kwamba taifa hili lilikwisha kukiri zamani kuwa kumfurahisha mwananchi ni kazi, na kwamba mwenye kazi ana haki ya riziki hata siku ambayo hakuna ngoma.

Na hapa Meru hasa, nani asiyejua faida ya kushikana? Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wananchi wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuyasema yao. Hakuna mkulima mmoja ambaye angaliweza peke yake kuilipa nauli ile. Leo mpagazi apandaye Kilimanjaro ana kiwango cha mzigo, kilo 20, nacho hakikushuka kutoka mbinguni. Kiliwekwa na watu. Dereva wa bodaboda ana kijiwe chake na viongozi wake. Mbona mcheza santuri awe peke yake gizani?

Na waungane, basi, wacheza santuri wa Arusha na Arumeru. Waweke bei ya chini ambayo hakuna atakayeishusha, na saa ya kufunga muziki ambayo hakuna atakayeivuka bila malipo ya ziada. Wawe na mfuko wao, kila shughuli ya Desemba itoe fungu lake, ili Kwaresima iwe likizo badala ya kuwa njaa. Wajiandikishe NSSF, ambayo tangu mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018 imekabidhiwa pia watu waliojiajiri wenyewe. Kila mmoja amfundishe kijana na kumlipa kwa haki, wapokezane usiku. Kwa kuwa Jumamosi na Jumapili si zao, Jumatatu iwe yao, simu izimwe. Wazibe masikio kwa vizibo vya kazi, na asiyelala asishike usukani katika barabara ya Moshi.

Nasi tuwakodio tuna wajibu wetu. Tumpe kiti na chakula kabla hajaanza, si makombo baada ya wageni. Malipo yaliyobaki yakamilishwe kabla vipaza sauti havijapakiwa, asirudi mara tatu kudai jasho lake mlangoni mwa mwenyekiti wa kamati. Akisema saa sita imetimia, tusimtume mshereheshaji kumbembeleza kwa “wimbo mmoja tu” ambao huzaa kumi. Na sauti ipunguzwe. Wazee watafurahi, na masikio ya vijana yatapona.

Tumezoea kupiga makofi muziki unapopendeza. Makofi hayalipi kodi ya nyumba, wala hayamrudishii mtu usingizi. Heshima ya kweli kwa mfanyakazi ni saa zake kuhesabiwa, na mwenye kuanza kuzihesabu awe yeye pamoja na wenzake, kabla Desemba nyingine haijafika.